UZI: Rangi ya Peugeot 504 ya 1978. Fundi mmoja anataka milioni 1.8, mwingine milioni 11. Nani ananipiga?

#1 Mjukuu wa Pijo

Wakuu habari za jioni.

Nina Peugeot 504 saluni ya 1978, ilikuwa ya baba mdogo. Imekaa Tanga chini ya mwembe miaka mingi, nimeivuta mpaka Dar mwaka jana. Injini inawaka, gia zinaingia, breki nimeshamaliza. Kilichobaki ni bodi na rangi. Nyeupe yake imepauka, paa limefanya nyufa nyembamba, na chini ya milango kuna kutu inayoonekana hata ukiwa mbali.

Nimezunguka gereji tatu. Wa kwanza hakuinuka hata kwenye benchi, kaliangalia gari tokea kivulini akasema 1.8m, wiki moja naondoka nalo. Wa pili kalizunguka, kachungulia uvunguni, akasema 4.5m. Wa tatu katoa sumaku mfukoni, kaipitisha bodi nzima, kachokonoa chini ya milango kwa bisibisi mpaka nikaanza kukasirika, halafu akasema 11m, "na hiyo ni kabla sijalifungua." Miezi minne.

Wote watatu nimewauliza watapiga rangi gani, wote wamejibu 2K. Kama rangi ni ile ile na gari ni lile lile, hiyo tofauti inatoka wapi? Wenye uzoefu na magari ya zamani nisaidieni, bajeti yangu ni ya mtumishi wa kawaida.

#2 Kijana Mpole

Nimekaa pale nawasubiri wenye gereji.

#3 Mzaramo Halisi

Uzi wa gari bila picha mkuu? Weka picha tulione kwanza hilo Pijo.

#4 mjasiriamali2020

Milioni 11 unapata Toyota IST ya kuanzia. Kwa rangi peke yake? Wa tatu kakuona umevaa shati safi.

#5 Fundi Bodi Keko

Mjukuu, shikamoo ya baba mdogo wako huko aliko, alichagua gari la maana. Mimi ni fundi bodi, nimeanza kushika nyundo 504 zikiwa bado teksi mjini. Nikueleze taratibu.

Wote watatu wanaweza kuwa wakweli, maana hawajakuuzia kitu kimoja. Wa kwanza amekuuzia rangi. Wa pili amekuuzia rangi na puti ya kujazia mashimo. Wa tatu amekuuzia bati. Rangi yenyewe, ile inayotoka kwenye bunduki ikaonekana na mpita njia, ni kipande kidogo cha bei. Huku kwetu ukinunua vitu vyema kwa saluni kama hiyo, hesabu yangu ya mwisho kwa mteja ilikaa hivi: praima (koti la kwanza juu ya bati) ya epoksi lita 4 na hadena yake, ile dawa ya kuikaza, karibu 250,000, praima nzito ya kujazia 220,000, puti makopo matano 150,000, rangi lita 4 mpaka 5 karibu 450,000, klia (koti la juu lisilo na rangi) lita 5 na hadena 350,000, tina dumu la lita 20 160,000, misasa, tepu, karatasi na nailoni za kufunikia 200,000 na kidogo. Jumlisha, haifiki milioni 2. Duka lako laweza kuwa na bei nyingine, lakini haitaruka mara tano.

Sasa jiulize wa kwanza, mwenye 1.8m yenye vifaa, ufundi, umeme na faida humo humo, anatoa wapi? Anatoa kwa kuruka. Haanzi na epoksi. Hashushi rangi ya zamani, anaikwaruza juu juu kwa msasa. Hatoi raba za vioo, anazipiga tepu. Hafungui taa wala vitasa. Kutu anaikung'uta, anaijaza puti, anapuliza. Siku unayolichukua linang'aa kuliko la wa tatu, nakuhakikishia. Masika moja tu, vidonda vinatokea pale pale vilipokuwa.

504 haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo mifupa. Zile sehemu za chini ya milango na sakafu zinabeba gari. Zikiliwa, ukipiga jeki unaona mlango unagoma kufunga. Kwa hiyo alipochokonoa kwa bisibisi hakuwa anaharibu, alikuwa anatafuta kama kuna bati au kuna rangi tupu. Bisibisi iliingia?

#6 Mjukuu wa Pijo

Fundi, iliingia. Upande wa dereva nyuma, na kwenye sakafu ya buti pale chini ya tairi la akiba. Sumaku nayo ilianguka kwenye digadi, lile bati la juu ya tairi, ya nyuma kulia.

#7 Fundi Bodi Keko

Basi hapo sumaku ilipoanguka kuna puti ya zamani nene, gari liliwahi kugongwa au kuoza likafunikwa. Chini yake hujui kuna nini, na yeye hajui. Ndiyo maana kasema "kabla sijalifungua". Fundi anayekupa bei kamili ya kutu kabla ya kufungua, mwogope.

#8 Dada Boneti

Natokea Arusha. Nimemaliza Volkswagen Beetle ya 1972 na niliandika kila shilingi kwenye daftari, kwa hiyo naongea na ushahidi.

Zaidi ya nusu ya pesa ya bodi iliondoka kabla tone la rangi halijapulizwa. Kufungua, kuchomelea, kunyoosha, kusugua, kusugua tena. Halafu kuna kitu ambacho hakuna gereji iliyonitajia kwenye bei ya kwanza: vitu vya kurudishia. Raba za milango, za vioo vya mbele na nyuma, klipu za mapambo, bushi za vitasa, skrubu. Raba ya miaka arobaini ukiitoa hairudi, inakatika mkononi. Na huwezi kuiacha, maana ukipaka bila kuitoa, ukingo wa rangi unabaki pale pale kwenye raba, maji yanaingia chini yake na kutu inaanzia hapo. Mjukuu, kabla hujakubali bei yoyote ulizia kwanza upatikanaji wa raba za 504. Kwangu raba na mapambo viligharimu kuliko rangi na klia kwa pamoja.

La pili, chukua vifurushi vya nailoni na kalamu isiyofutika. Kila skrubu inayotoka iandikwe imetoka wapi, na kila sehemu ipigwe picha kabla ya kufunguliwa. Gari likifunguliwa na huyu, mwakani likafungwa na yule, hakuna anayekumbuka.

#9 mjasiriamali2020

Bado sijaelewa. 504 iliyomalizika vizuri mtaani unauza ngapi? Mnamshauri mtu aweke milioni 11 kwenye gari ambalo hata milioni 8 hapati? Hiyo siyo biashara.

#10 Dada Boneti

Hakuna aliyesema ni biashara.

#11 Ndugu wa Nairobi

Salaam kutoka Nairobi. Mjasiriamali ana hoja yake, lakini auangalie upande wa pili. Hapa kwetu 504 ni gari la historia. Nyingi za zile za mwisho ziliunganishwa Mombasa, na kabla ya matatu kujaa barabarani watu walisafiri masafa marefu kwenye Peugeot za viti safu tatu. Ilishinda Safari Rally 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikarudia 1978 na Jean-Pierre Nicolas kwenye ile kupe (ya milango miwili) yenye injini ya V6. Kwa hiyo Mjukuu, gari lako limetoka mwaka ule ule wa ushindi wa pili. Wenye kutafuta wapo, ila wanatafuta iliyofanywa sawasawa. Ukileta iliyojazwa puti wanaijua kabla hujazima injini.

Kuhusu bei, huku rangi ya kawaida ya saluni mafundi wa jua kali wanakufanyia kwa 80,000 mpaka 120,000 za Kenya. Ukisema unataka gari livuliwe mpaka bati, kutu ikatwe, vioo vitoke, nimewahi kupewa makadirio yanayoanzia laki nne na nusu kwenda juu. Kwa hiyo huyo wa milioni 11 za Tanzania hayuko mbali na soko la huku.

Na ukitaka kuona kazi inavyopimwa, siku moja njoo Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse. Ni mashindano ya magari yaliyotunzwa, yamekuwapo miaka mingi. Majaji wanakagua injini, ndani, buti, wanainama mpaka uvunguni. Huko ndiko nilikojifunza kutazama ukingo wa mlango kwa ndani, siyo boneti.

#12 Mswahili wa Houston

Wakuu mimi niko Texas, nina pikapu ya Chevrolet ya 1966. Mkisikia bei za huku mtamsamehe fundi wa tatu. Gereji inahesabu saa za kazi, na saa moja haishuki dola 60 au 70, nyingi ni zaidi. Gari la zamani likivuliwa lote linakula saa mia mbili, mia tatu. Piga mwenyewe. Rangi ya heshima ya gari la kuendeshea siku zote utasikia dola elfu nane mpaka kumi na tano, ya kwenye maonyesho inapita elfu ishirini kirahisi, na kutu inahesabiwa pembeni. Vifaa huku navyo siyo rahisi, galoni ya rangi nzuri nyekundu inaweza kukufikisha dola mia kadhaa, maana rangi za jamii ya nyekundu zina unga wa gharama kuliko nyeupe.

Bahati yenu nyumbani ni kwamba mikono ni rahisi na mafundi wanajua kunyoosha bati. Huku wengi wanabandua kipande wanafunga kipya. Fundi anayeweza kukunja bati la sakafu kwa nyundo na gogo ukimpata huku analipwa kama daktari.

#13 Landrover Mkweche

Mimi nina Land Rover Series III, kwa hiyo nachangia kwa wenye haya magari, siyo kwa Mjukuu. Bodi zetu ni aluminiamu, watu wanadhani basi rangi ni rahisi kwa sababu hakuna kutu. Siyo kweli. Aluminiamu inapokutana na chuma, kwenye zile fremu za milango na boliti, huliwa, inatoka unga mweupe na rangi inanyanyuka malengelenge. Halafu praima ya kawaida haishiki vizuri kwenye aluminiamu tupu, unahitaji ya asidi au epoksi inayoruhusiwa kwa aluminiamu. Fundi wangu wa zamani alipuliza moja kwa moja, baada ya mwaka nikawa nabandua rangi kwa kucha.

#14 Kijana Mpole

Fundi Keko, 2K ni nini haswa? Kila mtu anaisema. Na kuna wanaosema NC ni rahisi na inakauka haraka.

#15 Fundi Bodi Keko

Swali zuri. NC ni rangi ya selulosi. Inakauka kwa tina kuruka hewani, basi. Ndiyo maana inakauka upesi na hata miaka kumi baadaye ukiifuta kwa kitambaa chenye tina inayeyuka. Haihitaji hadena. Inataka koti nyingi nyembamba na kusuguliwa kwa kompaundi ndiyo ing'ae, na jua letu linaipausha mapema. Magari mengi ya zamani sana yalipakwa jamii hiyo kiwandani, kwa hiyo kuna wapenzi wa magari ya kale wanaoitaka makusudi.

2K ni sehemu mbili, rangi na hadena. Zikichanganywa zinashikana kwa kemia, zikishakauka hazirudi nyuma. Hazidhuriki na petroli iliyomwagika, zinavumilia jua. Lakini neno "2K" halikuambii chochote kuhusu kazi. Kuna 2K ya koti moja ya rangi inayong'aa yenyewe, na kuna rangi ya msingi isiyong'aa inayofunikwa na klia. Nyeupe au krimu ya kawaida isiyo na chembechembe ifanyie ile inayong'aa yenyewe, ni rahisi zaidi na inaonekana ya zamani kweli. Klia juu ya krimu ya 1978 inalifanya gari lionekane limetoka jana. Rangi ya metaliki ndiyo lazima upige klia.

Onyo moja nalisema kila siku na vijana hawanisikii. Hadena ya 2K ina isosianeti. Inaweza kukupa pumu ambayo haitoki tena, na haitakuonya kwa harufu. Kile kitambaa cha kufunga puani hakizuii chochote. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje. Ukiona gereji inapuliza 2K katikati ya uwanja na watoto wanapita, hata kama bei ni nzuri, ondoka. Na rangi za zamani za njano na nyekundu nyingi zilikuwa na risasi, kwa hiyo unaposugua gari la miaka hiyo, sugua kwa maji, usivute vumbi.

#16 Mzaramo Halisi

Hapo kwenye kupuliza katikati ya uwanja umetugusa wengi fundi.

#17 Mjukuu wa Pijo

Nashukuruni sana. Picha nitaweka nikitoka kazini kesho.

Nimerudi kwa wa tatu jana nikamwomba anigawie ile 11m. Kaandika kwenye karatasi: kufungua na kuvua rangi 1.2m, kukata kutu na kuchomelea 3m ("makadirio"), kunyoosha na puti na praima 2.3m, kupiga rangi ndani na nje 1.5m, vifaa vyote 2m, kufunga 1m. Raba hazimo. Je, kuna mahali pa kupunguza bila kuharibu?

Swali jingine, nilipotoa raba ya mlango wa nyuma nimekuta rangi ya chini siyo nyeupe, ni kama mchanga hivi, inayovutia. Nirudishe hiyo?

#18 Fundi Bodi Keko

Karatasi hiyo ni ya mtu anayejua kazi. Bei ya kuchomelea kuwa makadirio ni sahihi, mwambie tu akuite akishafungua mwone pamoja kabla hajaendelea.

Pa kupunguza papo. Kazi ya kufungua fanya mwenyewe. Viti, kapeti, vitambaa vya milango, taa, bampa, sho, mapambo, mpaka madigadi ya mbele ya 504 yanatoka kwa boliti. Kazi ya wikiendi chache kwa mtu mwenye subira na mafuta ya kulegezea. Kufunga pia ukijiamini. Karibu milioni moja na nusu hapo inabaki mfukoni.

Kusugua unaweza kusaidia ila chini ya macho ya fundi. Anayesugua kwa kiganja kitupu bila kibao anachimba mawimbi, na mawimbi hayaonekani mpaka rangi ing'ae. Puti inaanza na msasa 80, inaenda 120, 180. Juu ya praima ya kujazia unapuliza vumbi jeusi jembamba, unasugua kwa kibao kirefu, pale weusi unapobaki ni bonde, panapotoka praima mapema ni kilima. Unarudia. Hapa ndipo milioni 2.3 inapokwenda. Anayetaka kukupunguzia hapa anakupunguzia usawa wa mlango.

Pasipopunguzwa ni epoksi. Ipigwe juu ya bati tupu siku ile ile bati lilipovuliwa, maana kwa unyevu wa Dar bati tupu linalala jeupe linaamka la kahawia. Puti iwekwe juu ya epoksi, isiwekwe chini yake, kwa sababu puti inanywa maji.

Na usikubali bodi nzima ipelekwe kupigwa mchanga na wale wa matangi ya mafuta. Presha yao inapinda mabati mapana, boneti na paa vitarudi na mawimbi ambayo hakuna puti itakayoyamaliza. Mchanga ni wa sehemu nene na za pembeni, mabati mapana tumia dawa ya kuvulia rangi na msasa.

#19 Ndugu wa Nairobi

Kuhusu rangi ya mchanga: rudisha, tena bila kusita. Gari lililorudishwa kwenye rangi yake ya kiwandani linaheshimika zaidi, na wewe unaokoa kazi, kwa sababu ukibadilisha rangi sharti upake ndani ya milango, ndani ya buti, chumba cha injini, chini ya dashibodi, la sivyo kila ukifungua mlango unaonekana uongo. Ukirudi kwenye ya asili, hizo sehemu za ndani tayari zina rangi hiyo chini ya nyeupe, au hazikuwahi kupigwa nyeupe kabisa.

Kata kipande kidogo kisichoonekana, au peleka kifuniko kama cha tangi la mafuta kama kina rangi ya asili iliyojificha ndani, duka la kuchanganya rangi lenye kifaa cha kusoma rangi watakutengenezea. Usipeleke sehemu iliyopigwa jua miaka arobaini, utapewa rangi iliyopauka.

#20 Dada Boneti

Naongezea: kadi ya gari inaandika rangi. Angalia kadi inasema nini. Kama inasema nyeupe na unarudisha mchanga, peleka taarifa TRA zibadilishwe, usisubiri trafiki akuulize Chalinze.

Na rangi yote nunua kwa mara moja, ichanganywe kopo moja. Usinunue lita tatu leo na moja mwezi ujao. Bakisha robo lita, ifunge vizuri, mkwaruzo wa kwanza hauko mbali.

#21 mjasiriamali2020

Haya nimeelewa tofauti ya bei, lakini swali langu liko pale pale. Si alipige kompaundi na polishi tu aendeshe hivyo hivyo?

#22 Mswahili wa Houston

Safari hii nakuunga mkono nusu. Huku kuna watu wanaacha rangi ya zamani makusudi, wanasafisha na kulipiga nta, wanazuia kutu chini, wanaendesha. Gari linaonekana na umri wake. Na rangi ya kiwandani ikiwa bado hai ni bora kuliko ya gereji nyingi. Lakini hiyo ni kwa gari ambalo bati lake ni zima. Pale bisibisi inapoingia hakuna nta.

#23 Landrover Mkweche

Pia nyeupe yake siyo ya kiwandani, chini kuna mchanga. Anahifadhi rangi ya nani? Ya fundi wa Tanga?

#24 mjasiriamali2020

😂😂 Hapo nimekwama.

#25 Kijana Mpole

Kwa hiyo akiwa hana 11m yote kwa mkupuo afanyeje? Wengi tuko hivyo.

#26 Fundi Bodi Keko

Afanye kwa hatua, lakini hatua zikatwe mahali sahihi.

Hatua ya kwanza kutu. Sakafu, chini ya milango, buti. Zikatwe, zichomelewe, zipigwe epoksi na dawa ya kuziba maungio, na ndani ya yale mabomba ya chini ya milango imwagwe nta ya kuzuia kutu. Hapa gari limeokoka. Nje linabaki baya, na unaliendesha hivyo hivyo mwaka mzima ukikusanya. Hakuna dhambi.

Hatua ya pili ndiyo kuvua, puti, praima na rangi, na hiyo isigawanywe. Gari lililovuliwa likaishiwa pesa katikati ndilo linaloozea gereji. Mwenye gereji analisogeza ukutani, vipande vinaanza kupotea, mwishoni linauzwa kwa skrepa. Wengi wanadhani praima ni kinga. Praima ya kujazia ya kijivu inapitisha unyevu, gari haliachwi nje nayo masika nzima. Kwa hiyo usiruhusu mtu akuvulie boneti kabla pesa ya koti ya mwisho haijawa mkononi, na juu yake asilimia ishirini au thelathini ya yatakayotokea chini ya puti ya zamani.

Malipo: vifaa nunua wewe, ufundi lipa kila hatua ikiisha na umeiona. Ukilipa yote mwanzo, gari lako ndilo linalosubiri.

Na majira. Kupuliza usipange Aprili. Unyevu ukizidi, selulosi inafanya ukungu mweupe, na hata 2K haikauki inavyotakiwa. Kompresa nayo inatema maji kwenye bomba, uliza kama wana kichujio cha maji. Mimi kazi ninayoipenda naipuliza Juni mpaka Septemba, asubuhi, kabla upepo wa vumbi haujaanza. Kutu ichomelewe masika, ndani ya kibanda, haina shida.

#27 Mjukuu wa Pijo

Hapo umenipa njia fundi. Kuchomelea 3m, kufungua nafanya mwenyewe na kaka yangu, hiyo naimudu kabla ya mwisho wa mwaka. Rangi mwakani Julai.

Picha hizi hapa. Ya tatu ndiyo digadi iliyokataa sumaku.

#28 Mzaramo Halisi

Mkuu hilo gari lina shingo. Ile taa ya mbele imekaa kama jicho linalokukonyeza. Usiliuze.

#29 Fundi Bodi Keko

Nimeitazama ya tatu. Ona ule mstari unaotoka mlangoni kwenda taa ya nyuma, unafifia juu ya tairi halafu unarudi. Hapo puti siyo chini ya sentimita moja. Mwambie fundi wako aanzie hapo kufungua, kabla ya sakafu, ili mjue mapema kama 3m inatosha. Ile ya sita, kona ya chini ya kioo cha mbele, rangi imevimba kidogo. Usidharau, kioo kikitoka utakuta imeliwa. Iongeze kwenye karatasi.

#30 Mjukuu wa Pijo

Nimeiongeza. Jumamosi natoa kioo cha mbele. Kuna mwenye kujua wapi naweza kupata raba yake Dar, au niagize Nairobi moja kwa moja?

#31 Ndugu wa Nairobi

Kirinyaga Road anza huko, wazee wa vipuri vya Peugeot bado wapo. Pima mzunguko wa kioo kwa uzi kabla hujaagiza, na usikubali raba iliyokunjwa kwenye boksi, inabaki na kona yake. Nitumie ujumbe wa faragha, mwezi ujao nashuka Dar na basi, naweza kuibeba ikiwa imenyooka.